Salamu Yenye Roho Haitaki

Kampala, tarehe 8 Februari 2004

Yaya yangu, dada mukubwa Kahindo,

Jambo sana, na jambo tena juu ya ile miezi yenye sikuandika. Mimi niko muzima, bibi yangu Estelle iko muzima, kazi inaendelea vile inaendelea. Unisalimie watoto wako, Tina na Fiacre, na uniambie kama Fiacre amepata meno ya mbele. Unisalimie mama Angélique wa ng'ambo ya barabara, mwenye sombe yake ya majani ya muhogo haikosi muchanga. Unisalimie muzee Gaspard na sabuni yake. Unisalimie majirani wote wa Shari, na hata ule mbwa wenu mwenye sikio moja.

Sasa keti chini. Tulipata mutoto! Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kwanza, mwanamuke, mukubwa, na sauti yake inafika mpaka kwa jirani wa tatu. Lakini iko bila jina. Desturi ya kwetu unaijua: mutoto wa kwanza wa kijana, jina yake inatoka kwa kinywa ya mama ya baba. Mama iko Tchomia. Mimi siwezi kupita ile barabara ya kushuka ziwani juu ya vita, na simu kule hakuna. Kwa sasa Estelle anamuita mutoto Mugeni. Padri anauliza tutabatiza nani, mugeni wa nani.

Ningetuma mutu amuambie mama kwa mudomo, lakini weye mwenyewe unajua. Tangu walimuletea habari ya uongo kama umekufa, akalia matanga yako siku kumi na moja na weye uko Bunia unapika maharagi, mama hakubali tena habari ya kinywa ya mutu. Kamate, mwenye kuvusha samaki kutoka Tchomia, anasema mama anakubali kitu moja tu: redio yenu, emisio yako, kile kipindi cha salamu cha jumamosi, na sauti yako. Anasikilizia kwa ile transistor, redio ndogo ya marehemu Paul, ndugu yetu. Sijui ilimufikia namna gani.

Donc, basi, ombi yangu njo hii: soma message yangu kwa mama. Iko ndani ya hii kifurushi. Na ndani ya kifurushi kuna kitu ingine. Unajua lile kundi letu la enterneti, Bunia Yetu, lenye mimi ni mwenye kulichunga. Tumefika watu mia ine: Kampala, Nairobi, Brussels, Johannesburg, hata moja iko mahali pa teluji. Wanaandika usiku na mchana na watu wa nyumbani hawaoni kitu. Nime-imprimer, nimetoa kwa karatasi, message makumi tatu na saba. Redio yenu haina enterneti, lakini iko na masikio ya Ituri yote. Siye tuko na maneno, nyinyi muko na antene. Tuunganishe.

Ndugu yako,
Delphin

Bunia, tarehe 14 Marsi 2004

Leki yangu, mudogo wangu Delphin,

Jambo ya furaha! Nilipiga kigelegele pale pale kwenye ofisi ya redio, mukubwa wangu akafikiri vita imerudi. Mutoto mwanamuke! Umupe kisi yangu kwenye mashavu yote mbili. Tina na Fiacre wako wazima. Fiacre alipata meno mbili, na moja aliivunja kwa mahindi. Angélique anakusalimia na anasema sombe yake haina muchanga, ni meno yako yenye kuwa mubovu. Gaspard anakusalimia. Fulgence, bwana yangu, anakusalimia sana. Njo yeye alienda aeroport na moto yake, ile pikipiki, kuchukua kifurushi chako kwa ndege ndogo, na alikileta ndani ya koti yake juu mvua ilikuwa inapiga. Mbwa naye anakusalimia. Alifurahi kuona ata yeye iko kwa karatasi.

Wazo yako ni nzuri, Delphin, na ninakuambia bila kukusifu bure. Lakini wale watu wako! Nilikaa na Fulgence, tukafungua message moja moja. Kati ya makumi tatu na saba, zaidi ya nusu ni matusi. Mutu anaanza kuuliza habari ya shangazi yake, kwa mustari wa tatu anatukana kabila nzima ya jirani yake. Watu wa enterneti wako na elimu mingi na adabu kidogo. Kule Johannesburg mutu akitupa moto, ni hapa nyumba inaungua. Nikasema, hii sisomi.

Fulgence akacheka. Aliniambia: "Mutu akija kwetu na maneno ya ugomvi, anapiga hodi kwanza, sivyo? Na ukisha kumupa kiti, sauti yake inashuka." Usiku mzima nilizungusha ile neno. Asubuhi nikaweka sheria, nikaisoma hewani: kwa emisio ya Kahindo, message yoyote inaanza na salamu, na ndani ya salamu kuwe na jina ya mutu moja mwenye hamupatane. Jina ya mutu wa kweli, mwenye roho yako haitaki kumusalimia. Ukisha kumusalimia, sema yenye unataka.

Wenzangu wakaniambia hakuna mutu atakubali. Unajua nani alikubali kwanza? Ule Rachidi wako wa Johannesburg, kinywa pilipili. Zamani alikuwa anachimba dhahabu kule Bambu na rafiki yake Floribert. Walikosana, kila mutu akamuita mwenzake mwizi, vita ikakuja ikawapa sababu ya kuchukiana kabisa. Rachidi alipata habari ya sheria kwa rubani wa ndege ndogo, akatuma kwa mukono wake: "Ninamusalimia Floribert, ata kama ni mwizi." Nikasoma vile vile, ata na ile neno mwizi. Jumatatu asubuhi Floribert iko kwa mulango ya redio, amevaa koti ya harusi, jasho inatoka. Anasema: "Mumuambie Rachidi kama karai yake ya kuoshea dhahabu iko kwangu. Sijaiuza." Halafu akalia, mwanaume muzima. Tangu ile siku watu wanajaa uani.

Na Gaspard! Huyu muzee ni mufalme wa biashara na hajasoma zaidi ya darasa la tano. Alisikia, akaja, akaniambia: watu hawana karatasi ya kuandikia salamu, lakini kila nyumba inanunua sabuni. Sasa kila kipande cha sabuni yake iko na kadi ndogo ndani. Unaandika jina yako moja tu, halafu wenye unawasalimia, halafu yule mwenye roho haitaki. Nikamuuliza: "Na tangazo yako, tuiseme namna gani?" Akajibu: "Usiseme kitu. Sema tu kadi inanukia sabuni." Na kweli inanukia! Watu wenyewe ndio wanasema hewani: hii ya kwangu inanukia Gaspard.

Sasa juu ya message yako. Niliisoma mara mbili na machozi ikanitoka. Halafu niliiweka ndani ya kartoni pamoja na zile zenye kungoja. Umesalimia wote, leki yangu. Umesalimia mbwa. Sheria ni sheria, na mutu wa kwanza mwenye nitaivunjia hawezi kuwa ndugu yangu. Mama anangoja, mutoto anangoja, na mimi ninangoja.

Dada yako,
Kahindo

Kampala, tarehe 20 Aprili 2004

Yaya Kahindo,

Jambo. Siye wazima. Mugeni anacheka sasa, anacheka na taa. Salimia watoto, salimia Angélique na umuambie meno yangu ni nzuri. Salimia Gaspard, nimevua kofia mbele yake.

Nilikasirika, siwezi kukuficha. Wiki nzima sikugusa barua yako. Estelle aliniambia, "Dada yako iko na haki," nikamujibu vibaya, nikalala bila kula. Lakini wacha nikuambie mambo ya Bunia Yetu, juu hapo siwezi kunyamaza. Mimi nilichunga ile kundi miaka tatu. Nilifukuza watu, nilifuta message, niliandika sheria kurasa ine, hakuna mwenye alinisikia. Weye, bila ata kugusa ordinatere, ile kompyuta, uliwaweka sawa kwa juma tano! Tumefika mia saba. Kila jumapili wanauliza: yaya amesoma nani? Floribert amejibu nini? Mutu akianza matusi, wengine wanamuandikia: "Kwanza salamu!" Hapa hawaniite tena Delphin. Wananiita ndugu ya Kahindo. Ninasema ukweli, kifua yangu inajaa wakati ninasikia vile.

Sasa kuna neno ya biashara. Kampuni moja ya hapa, ya kuuza kadi za kupigia simu, imesikia sifa yetu. Mabwana wawili wenye tai walinialika, wakaninunulia soda, wakaonyesha karatasi za rangi. Wanataka liste ya watu wote wa kundi: jina kamili, adresi ya enterneti, mji wa kwao, na quartier, mutaa yenye wametoka, ili wajue nani anapigia nani simu. Wao watatupa ordinatere mbili, na redio yenu wataiunganisha na enterneti bila kulipa. Yaya, hebu fikiri: salamu zingefika kwako siku ile ile, bila ndege, bila mvua. Nilitaka kusema ndiyo pale pale. Sijui kitu gani ilinizuia. Uniambie unaona namna gani.

Juu ya ile sheria yako, basi, ninatii. Message mupya iko ndani. Nimesalimia Kakule, mwenye alinipiga na jiwe kwenye kichwa wakati tulikuwa darasa la tatu. Roho yangu haimutaki kabisa. Soma sasa.

Juu ya mambo ingine sina neno.

Delphin

Bunia, tarehe 6 Juni 2004

Leki yangu,

Jambo. Usihesabu siku, ndege hazikuja juma tatu, na watu wa Djugu wanakimbia vita, wanaingia tena mjini na magodoro kichwani. Angélique amepokea watu tisa kwa parsele yake, kwenye kiwanja ya nyumba, anawapa sombe, na hakuna mwenye analalamika juu ya muchanga. Watoto wazima. Fulgence anakusalimia sana.

Kakule wako! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kakule ni rafiki yako, Delphin. Alisimama kwa harusi yako. Ile jiwe ulimusamehe ile ile siku, mulikula naye mandazi, mimi nilikuwa pale. Unafikiri niko muzee wa kusahau? Message imerudi ndani ya kartoni.

Juu ya ile kampuni, wacha nikuambie kwanza jambo ya Gaspard, ndani yake utapata jibu yangu. Mwezi jana sabuni yake ilitoka mubaya, soda kali ilizidi, wamama wakaungua vidole. Kadi zikakuja kwangu, kumi na tisa: "Ninasalimia Gaspard mwenye roho yangu haitaki, amenichuna mikono." Nikamuita, nikamuambia, nizifiche? Akakataa. Jumamosi akakuja yeye mwenyewe, akavaa kofia yake ya Noeli, akazisoma zote kumi na tisa hewani kwa sauti yake, moja moja, na kila moja akajibu: "Mama, una haki. Rudisha ile sabuni, chukua mbili." Hakusema kosa ni ya mufanyakazi wala ya mafuta. Ile juma sabuni ilikwisha dukani. Mimi nilizaliwa kati ya wafanyabiashara, lakini sijaona mutu namna ile. Yeye anajua kama watu wenye wanamusikiliza si soko tu, ni watu.

Na unakumbuka kadi yake inauliza jina ngapi? Moja tu. Kadi haiulize jina ya baba, haiulize kijiji wala quartier. Nilimuuliza sababu. Alinitazama kama vile nimeuliza sababu ya kufunika chungu. "Kahindo," akasema, "hapa kwetu, mutu mwenye kubeba liste ya majina na mahali watu wanakaa, ulimuona alikuwa anatafuta nini?"

Sina zaidi ya ile. Tuko na kiu ya enterneti, ndiyo. Lakini ndege na mvua ni yetu, tumezizoea.

Sasa mama. Kadi yake ilifika, mwalimu moja wa Tchomia alimuandikia. Ninakuandikia neno kwa neno: "Kahindo, ninasikia sauti yako kila jumamosi, nimefunga waya ya redio kwa kichanja ya samaki, inashika vizuri. Delphin iko muzima ao hapana? Kama iko muzima, kwa nini analeta salamu ya watu wote wa dunia lakini yeye simusikie?" Infirmier, muuguzi wa kule, anasema mapafu yake imechoka na moshi, na anakohoa tangu Pasaka. Hataki kulala ndani, analala karibu na kichanja juu ya redio.

Mwezi wa tano ilitimiza mwaka moja tangu Paul atutoke. Tuliwasha mushumaa nyuma ya jiko. Sitaandika zaidi ya ile. Weye ulisema huna neno, na mimi pia kuna neno yenye nimekatazwa kusema.

Lakini harakisha, Delphin. Nakuomba kama dada.

Kahindo

Kampala, tarehe 11 Julai 2004

Yaya Kahindo,

Jambo. Estelle muzima. Mutoto ameanza kukaa. Ananitazama kwa macho ya mama kabisa, na mimi ninageuza uso.

Nimewakatalia wale wa kampuni. Walirudi na karatasi ya kutia sahihi, na pale juu kulikuwa na visanduku: jina, jina ya baba, mji, quartier. Niliweka kalamu chini, nikageuza ile karatasi uso chini. Walifikiri niko mugonjwa. Nikawaambia: kama munataka kuongea na watu wetu, leteni maneno yenu hewani kwa yaya, muanze na salamu, museme na nani hamupatane. Walicheka, wakaenda. Ordinatere pia zilienda.

Sasa nikuambie sababu ya kukataa. Barua ni nusu ya kuonana, wazee wanasema, na mimi ninashukuru ni nusu tu, juu hii sitaweza kuisema mbele ya macho yako.

Mwaka jana, wakati Bunia ilikuwa inaungua, Kamate alinipigia simu ya satelite, akaniambia weye na watoto muko karibu na aeroport kwa askari wa Umoja wa Mataifa, na Paul amebaki peke yake, amejificha ndani ya depo ya sabuni ya Gaspard. Mimi nilikuwa nimeketi hapa, mikono bure. Nikafungua kundi, nikaandika: "Ndugu yetu Paul iko ndani ya depo ya sabuni, Shari, mulango ya bluu, mwenye anaweza amufikie amusaidie." Niliandika jina yake kamili. Niliandika mulango ya bluu, yaya! Watu mia mbili walisoma, na mimi sikujua nani ni nani. Siku mbili nyuma ya ile, Paul akafa.

Kwa matanga nilipiga simu, unakumbuka nilisema nini. Nilisema: "Nani alimuacha?" Nilijua mwenyewe ninasema juu ya Fulgence, juu yeye alibeba weye na watoto kwa pikipiki akaacha ndugu yetu, na juu yeye ni mutu wa ule upande, wa kabila ingine. Ilikuwa rahisi. Kila mara nimeandika barua bila jina yake, nilikuwa ninajificha nyuma yake. Kama si yeye, basi ni mimi. Njo hivi. Mwaka na miezi mbili ninalala na mulango ya bluu.

Weye unafundisha watu mia saba kusalimia, na mimi mwenye kuwachunga nimeshindwa na jina moja. Message ya tatu iko ndani. Kama ni nzuri, soma. Kama bado, nitaandika ya ine.

Mudogo wako,
Delphin

*(Ya kusomwa.)* Mimi Delphin, mwana wa mama mwenye kuuza samaki Tchomia, ninaanza na salamu. Ninamusalimia Fulgence, bwana ya dada yangu. Roho yangu ilikataa kumusalimia mara mingi, na kosa haikuwa yake. Shemeji, unisamehe. Ninamusalimia mama yangu. Mama, niko muzima, nimepata mutoto mwanamuke, iko na miezi sita na hana jina. Tunangoja kinywa yako.

Bunia, tarehe 22 Agosti 2004

Leki yangu, mwana wa mama,

Jambo. Watoto wazima, nyumba muzima, mvua imeanza. Wacha nianze, salamu ingine utaipata chini.

Kifurushi chako kilichelewa, kilikaa Entebbe juma tatu. Kilifika alhamisi, siku kumi zimepita, Fulgence alikileta vile anakileta siku zote. Sikumuonyesha kitu. Jumamosi saa kumi nikaingia studio. Unajua yeye njo fundi, anakaa ng'ambo ya kioo na vifungo vyake, na masikio imefunikwa, lakini anasikia kila neno mbele ya Ituri yote. Nikaanza kusoma. "Ninamusalimia Fulgence, bwana ya dada yangu." Akainua kichwa. Nikaendelea mpaka "unisamehe." Na pale pale, Delphin, grupe, jenereta yetu, ikazima! Taa ikakufa, sauti ikakufa. Esanse, petroli yake, ilikuwa imekwisha.

Nilipiga meza kwa ngumi, nikalia. Mama amesikia nusu, nilisema, atafikiri mutoto wake amekufa katikati ya salamu! Fulgence akavua vifuniko vya masikio. Alitoka kwa mvua akichechemea na ule mguu wake, akafungua moto yake, ile yenye inatulisha, akanyonya esanse yote na mupira kwa kinywa mpaka tangi ikabaki kavu. Akatema, akamimina ndani ya grupe, akavuta kamba mara tano. Ikawaka. Akarudi kwa vifungo vyake, kinywa inanukia esanse, akanifanyia ishara na kidole: rudilia mwanzo. Nikarudilia. Donc salamu yako Fulgence aliisikia mara mbili, na mara ya pili alikuwa amegeuza uso kwa ukuta.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukisukuma moto. Njiani akaniambia: "Sasa unaweza kumuambia."

Basi nikuambie. Delphin, si weye ulimuua Paul. Tia hii neno ndani ya sikio na uifunge. Hapa mjini cyber, ile nyumba ya enterneti, iliporwa siku ya kwanza, niliona ordinatere zinapita kichwani ya watu kama magunia ya muhogo. Hakuna mutu wa Bunia alisoma kitu. Hakuna mutu alifika kwa ule mulango. Paul alitoka mwenyewe kutafuta maji, siku ya tatu, kiu ilimushinda, na risasi yenye haikumujua ikamukuta karibu na kisima.

Na mutu mwenye alijua ile ni nani? Ni mwenye alimukuta. Fulgence alituleta siye aeroport, akageuza moto pale pale. Nilimushika shati, ikapasuka. Alisema, "Ndugu yako ni ndugu yangu." Alipita mahali watu wa kwetu wangemuua juu ya sura yake, na watu wa kwao wangemuua juu ya safari yake. Mguu wake ulipata risasi kule. Alimubeba Paul kwa toroli ya sabuni ya Gaspard, akamuzika nyuma ya jiko yetu peke yake, akiomba kwa luga ya kwao juu ile ya kwetu hajui maombi yake. Halafu, wakati mguu ulikauka kidogo, akashuka mpaka Tchomia kumuambia mama yeye mwenyewe. Mama hakukubali. Alisema anataka alama. Njo Fulgence akatoa transistor ya Paul ndani ya koti.

Sasa unajua ilimufikia namna gani.

Wakati ulisema kwa simu, "Nani alimuacha?", nilitaka kupiga kelele. Fulgence alifunika kinywa yangu. Aliniambia: "Ukimuambia, atanisalimia kwa kulipa deni. Mimi ninataka anisalimie bure." Kila barua yako yeye aliileta, akaniangalia nikisoma, akauliza kitu moja tu: "Mbwa amesalimiwa?" Nami ninajibu ndiyo. Anacheka. Mimi ninaenda kulia jikoni. Ile sheria ya redio, watu wanasema ni akili ya Kahindo. Ni ya Fulgence. Mimi niliisoma tu hewani.

Kadi ya mama ilifika jana. Inanukia sabuni na samaki pamoja. Mwalimu ameandika hivi: "Nimesikia mwana wangu. Nimesikia kwanza jina ya Fulgence, na nimefurahi ni kwanza. Lakini jina ya mujukuu, mimi siitoe. Mwenye alinizikia mwana wangu njo atanitolea jina. Desturi ni yangu, ninaweza kuigawa. Delphin asikatae."

Anakohoa kidogo sasa, infirmier anasema amekula vizuri siku ile.

Nilimupa Fulgence kalamu. Amezunguka nyumba tangu asubuhi, amerekebisha mulango yenye haikuharibika, amemuosha mbwa. Sasa ameketi. Ninamuachia karatasi.

Kahindo

Shemeji Delphin,

Jambo. Mimi si mutu wa kuandika, mimi ni wa waya na vifungo. Salamu yako ilifika, mara mbili.

Mutoto aitwe Pauline. Tchomia kuna transistor, ni ya yule mwenye jina yake. Akikomaa, aje kuichukua.

Fulgence